IMBWA INAYOFICHWA NDANI YA LUPANGO
Garanti ya nyumba, feza ya imbwa na afya ya jamaa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumuza juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi na mashini. Leo tunatoka inje ya mulango wa kazi na kuingia ndani ya lupango. Tutasema juu ya imbwa, na juu ya feza ambayo mwenye nyumba anaomba kwa sababu ya imbwa. Wengine watauliza: neno hilo linahusu usalama namna gani? Wangoje kidogo.

Zamani neno hilo halikuwapo kwa watumikaji wengi. Wakati wa Union Minière, na kisha mwaka 1967 wakati serkali ilipochukua machimbo na Gécamines ikazaliwa, mutumikaji alipewa nyumba ndani ya kamp. Kampani ndiyo ilikuwa mwenye nyumba. Ukiwa na maneno na jirani, ulikwenda kuona wakubwa wa kamp. Garanti ilikuwa neno la watu wa muji, si la mutu wa kamp. Leo mambo yamegeuka. Katika mwaka 2003 na 2004 watumikaji zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wa kuondoka kwa mapenzi. Kampani mupya zikaja, na chini yake kampani ndogo ndogo zinazofanya kazi kwa kontra. Vijana wengi wanaoingia machimboni leo, Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Lubumbashi, wanapanga nyumba kwa mutu. Wanalipa kila mwezi, na mbele ya kupata ufunguo wanatoa garanti.

Sasa mutu anafika kuomba nyumba. Ana bibi, watoto watatu, vyombo vyake, na imbwa moja. Ile imbwa si ya kupendeza macho. Baba anafanya posti ya usiku juma moja kwa tatu. Usiku ule bibi na watoto wanabaki peke yao, na kila mutu anajua namna wezi wanavyozunguka kwenye mitaa yetu. Mulinzi wa kulipwa ni bei. Imbwa inakula mabaki ya bukari na inaamka mbele ya mutu wote. Basi imbwa ni sehemu ya usalama wa nyumba ya mutumikaji, sawasawa na kofuli.

Mwenye nyumba naye anaangalia imbwa, anaona kitu kingine. Anaona mulango uliokwaruzwa, mavi ndani ya kiwanja, viroboto, kelele, na jirani anayekuja asubuhi na mutoto aliyelumwa. Kwa hiyo anasema: “Nyumba ni dola 100 kwa mwezi, garanti miezi tatu. Lakini juu ya imbwa utaongeza miezi mbili, tena dola 10 kila mwezi.”

Tuhesabu. Garanti ya miezi tatu ni dola 300. Miezi mbili ya imbwa ni dola 200. Jumla dola 500, na mwezi wa kwanza bado haujalipwa. Kisha zile dola 10 za kila mwezi, kwa mwaka ni 120, na hizo hazirudi tena hata kama imbwa haikuvunja kitu. Hii ni tofauti ambayo wapangaji wengi hawaioni: garanti ni feza yako inayolala kwa mutu mungine, nawe utaiomba siku ya kutoka; nyongeza ya kila mwezi ni feza iliyokwisha kwenda. Mutu anayekubali dola 10 kwa mwezi kusudi aepuke garanti kubwa, akikaa miaka mbili anakuwa amelipa dola 240 kwa imbwa ambayo pengine ilinunuliwa 20.

Mutumikaji anafanya nini? Wachache wanalipa. Wengine wanaacha imbwa nyuma, kwenye nyumba ya zamani, nayo inakuwa imbwa ya njia. Na wengi wanasema: “Sina imbwa.” Kisha, siku tatu baada ya kuhama, inaingizwa usiku.

Hapa ndipo ukurasa huu unapoanza kuhusika.

Maisha ya imbwa iliyofichwa

Imbwa iliyofichwa inafungwa muchana kutwa nyuma ya jiko, kwa kamba fupi, kusudi mwenye nyumba asiione. Imbwa inayofungwa hivi inageuka mukali. Haizoei watu, haizoei watoto wa jirani. Usiku inafunguliwa, inapita chini ya ukuta, inazunguka na imbwa za njia kwenye jalala, inapigana, inalumwa, inarudi mbele ya asubuhi. Hakuna mutu anayejua ilikutana na nani.

Tena, imbwa iliyofichwa haiendi kwa munganga wa nyama. Kuipeleka ni kuitembeza katikati ya mutaa, mbele ya macho ya watu wote, na kurudi na karatasi. Siku watu wanapokuja kufanya chanjo ya imbwa kwenye mutaa, mwenyewe anaiacha ndani na kufunga mulango.

Na neno la tatu ndilo baya kushinda. Imbwa iliyofichwa ikiluma mutoto, kulumwa kwenyewe kunafichwa. Mama anaosha damu, anapaka mafuta, anamwambia mutoto aseme alianguka kwenye musumari. Sababu ni nini? Ni dola 200, na woga wa kufukuzwa ndani ya nyumba.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha imbwa, ule wengi wanaita raje, unakaa katika mate ya nyama mugonjwa. Unaingia kwa kulumwa, ao kwa mate yanayogusa kidonda ao macho ao kinywa. Shirika la Afya la Dunia linahesabu karibu watu 59.000 wanaokufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na katika watu 100 wanaoupata, 99 waliupata kwa imbwa. Katika watu wanaolumwa na imbwa yenye kuzaniwa ni mugonjwa, karibu 40 kwa mia ni watoto wenye kuwa chini ya miaka 15. Mutoto ni mufupi. Imbwa inamufikia usoni na kichwani, na kidonda cha kichwani kinafikisha ugonjwa kwenye ubongo mbio kuliko kidonda cha muguu.

Uovu wa ugonjwa huu ni kwamba haujionyeshi mara moja. Kidonda kinapona. Mutoto anarudi kwenye masomo. Mara nyingi inapita miezi miwili ao mitatu, mara ingine juma moja tu, mara ingine karibu mwaka. Kisha homa, kuwasha mahali palipolumwa, woga, kushindwa kumeza, kutetemeka mbele ya kikombe cha maji. Ikifika pale, hakuna hospitali hapa kwetu ao Ulaya yenye dawa ya kumuponyesha. Anakufa katika siku chache. Watu wa nyumbani, kwa sababu kidonda kilisahauliwa, wanatafuta mulozi kwenye jamaa. Ni vibaya mara mbili.

Lakini mbele ya dalili, ugonjwa huu unaweza kuzuiwa karibu kila mara. Louis Pasteur alionyesha hilo katika muji wa Paris mwezi wa saba 1885, alipochanjwa mutoto Joseph Meister aliyelumwa na imbwa yenye kichaa, naye akaishi. Miaka zaidi ya mia moja na makumi tatu imepita. Mutoto anayekufa leo kwa kichaa cha imbwa anakufa kwa sababu hakupelekwa, ao alipelekwa mahali ambapo chanjo haikuwapo. La pili si kosa la mama yake. La kwanza, mara nyingi, linaanza na uongo mudogo uliosemwa siku ya kupanga nyumba.

Sheria inasema nini juu ya garanti

Wapangaji wengi wanafikiri mwenye nyumba anaweza kuomba garanti yoyote, ao kwamba wakikataa watafukuzwa tu. Katika inchi yetu kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 juu ya kupanga nyumba zisizo za biashara. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haipashwe kupita miezi tatu. Tunajua vizuri kwamba wenye nyumba wengi wanaomba sita, hata kumi, na kwamba mutu mwenye watoto njiani hana nguvu ya kubishana. Hata hivyo sheria ipo, na kwa maoni yetu feza inayowekwa kando kusudi ilipe uharibifu ni garanti, hata ikiitwa garanti ya imbwa, ya mulango ao ya choo. Jina halibadilishi hesabu. Ukiwa umekwisha kutoa miezi tatu, unaweza kusema kwa adabu: “Baba, garanti imejaa.” Mukishindwa kupatana, bure ya Habitat kwenye komini ni mahali pa kupeleka neno hilo, mbele halijafika kwa hakimu.

Tusifikiri ni sisi peke yetu tunaogombana juu ya nyama za nyumbani. Ufaransa, sheria ya 9 julai 1970 ilivunja nguvu ya kila neno la kontra linalomukataza mupangaji kufuga nyama ndani ya nyumba ya kukaa, ikiwa nyama ile haiharibu na haisumbui majirani. Imbwa za hatari ndizo zinaweza kukatazwa. Marekani ni desturi kulipisha garanti ya imbwa kando, na feza ya kila mwezi juu yake. Lakini imbwa inayomuongoza kipofu haihesabiwe kuwa ya kufugwa, wala hailipishwi. England walipiga hesabu ingine: tangu mwezi wa sita 2019 garanti ya nyumba nyingi haiwezi kupita majuma matano ya malipo. Wenye nyumba waliokuwa wakiomba garanti ya imbwa walifanya nini? Wengi walipandisha malipo ya kila mwezi. Mwaka 2025 ikabidi sheria ingine itoke, inayosema mwenye nyumba asikatae ombi la mupangaji la kufuga nyama bila sababu ya kweli. Ni mufano muzuri wa kuonyesha kwamba ukifunga dirisha moja, bei inaingia kwa lingine.

Mwenye nyumba si adui

Lazima tuseme pia upande wake. Wenye nyumba wengi wa Katuba, Kenya ao Ruashi si matajiri. Ni wazee waliomaliza kazi, wajane wa watumikaji, watu waliojenga chumba tofali kwa tofali, na malipo ya wapangaji ndiyo dawa zao na masomo ya wajukuu. Ndani ya lupango moja kunaweza kukaa jamaa tatu ao ine, pompi moja, choo kimoja. Imbwa mukali pale ni neno la watu wote. Na mupangaji anayeondoka usiku akiacha mulango uliotafunwa na deni la miezi miwili, hayo tumeyaona. Hata ile desturi ya “kukula garanti”, maana yake kukaa miezi ya mwisho bila kulipa mupaka garanti iishe, inamuacha mwenye nyumba bila hata feza ya kupaka chokaa.

Tena kuna neno la mulumaji. Kufuatana na sheria ya zamani ya 30 julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali ndiyo musingi wa kesi za uharibifu, mwenye nyama, ao yule anayeitumia, ndiye anayelipa uharibifu ambao nyama ile ilifanya, hata kama ilikuwa imepotea ao imekimbia. Basi mupangaji asifikiri kwamba akilipa dola 10 za kila mwezi amekwisha kumubebesha mwenye nyumba muzigo. Imbwa ikimuluma mutoto wa jirani, hospitali italipwa na mwenye imbwa. Na mwenye nyumba anayechukua dola 10 ajiulize: feza ile inafanya nini? Ikiwa inaingia mfukoni na imbwa inabaki bila chanjo, amelipisha hatari bila kuipunguza hata kidogo.

Ndiyo maana sisi, watu wa ukurasa wa usalama, tunapenda mapatano mengine, yaliyo rahisi kuliko dola 200. Mupangaji aseme wazi tangu siku ya kwanza: “Nina imbwa moja.” Aonyeshe karatasi ya chanjo ya mwaka huu. Kwenye kontra waandike: imbwa moja, rangi yake, chanjo kila mwaka, inafungwa muchana kwa munyororo murefu ao inakaa ndani ya kibanda chenye kivuli na maji, inafunguliwa usiku mulango mukubwa ukiwa umefungwa. Siku ya kuingia, watembee pamoja ndani ya nyumba na kuandika hali ya kila mulango na kila dirisha, wote wawili watie sahihi. Leo simu inapiga picha, piga picha. Siku ya kutoka, uharibifu wa imbwa utahesabiwa na kukatwa kwa garanti ileile ya miezi tatu. Mulango uliokwaruzwa unajulikana bei yake, fundi atasema. Hautafika miezi mbili ya malipo.

Mwenye nyumba mwenye akili ataona kwamba karatasi ya chanjo inamulinda kuliko dola 200. Dola hazimuponyi mujukuu wake.

Bei ya chanjo ya imbwa moja kwa mwaka ni kidogo sana ukiipima na garanti tunayoizungumuza. Hata mutoto wa imbwa apewe. Wanganga wa nyama wanasema kwamba imbwa 70 kwa mia zikichanjwa ndani ya muji, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ile 70 haitafikiwa ikiwa nusu ya imbwa ziko nyuma ya jiko.

Kwa paka ni hivyohivyo, ingawa watu wanaisahau. Paka pia inapata kichaa, na inakwaruza. Kuku na bata ni neno la usafi zaidi: zisilale ndani ya chumba cha watoto. Tumbiri anayeletwa kutoka pori na kufungwa kwenye muti wa maembe, huyo tunasema wazi, asifugwe. Hakuna garanti inayotosha kwa tumbiri.

Usingizi wa mutu wa posti

Neno moja tena juu ya kelele, kwa sababu linafika mupaka kazini. Mutumikaji anayetoka posti ya usiku analala muchana. Imbwa ya jirani iliyofungwa kwa kamba fupi inalia kutwa. Huyu mutu analala saa mbili ao tatu, kisha jioni anarudi kuongoza kamio kubwa kwenye shimo. Wakubwa wa usalama wanaulizana kwa nini alisinzia kwenye kona. Mbele ya kugombana na jirani, angalieni pamoja: imbwa inalia kwa kiu, kwa jua, kwa kamba, ao kwa sababu watoto wanaitupia mawe. Munyororo murefu na kivuli vinanyamazisha imbwa nyingi kuliko fimbo.

Ikiluma

Iwe imbwa yako, ya jirani ao ya njia, iwe imefichwa ao imeandikwa kwenye kontra: osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Dakika 15 ni ndefu, mutoto atalia, endelea. Maji ya pompi yanayotiririka ni mazuri. Kisha paka dawa ya kuua vidudu kama uko nayo. Usipake mafuta, pilipili, majani, kahawa. Usiweke jiwe jeusi. Usifunge kwa nguvu. Kisha nenda kwenye dispansere ao hospitali siku ileile, hata kama ni alama ndogo ya jino. Ikiwa pale hawana chanjo, waulize wapi iko, na uende kule bila kungojea kesho. Munganga ndiye atakayechagua mupango: kuna ule wa shindano ine ao tano kwa majuma kadha, na kuna mupango mupya unaomalizika kwa juma moja. Kidonda kikiwa cha damu, inaomba pia dawa ingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe. Musiachie katikati kwa sababu kidonda kimepona. Shindano za mwisho ni kazi sawa na ya kwanza. Uliza pia juu ya tetanosi. Na mutumikaji aliyelumwa njiani akienda kazini asinyamaze, atoe habari kwa mukubwa wake siku ileile.

Kisha imbwa yenyewe. Mwenye nyumba akisikia, neno lake la kwanza litakuwa: “Iueni leo ao mutoke nayo.” Mumuombe avumilie siku 10. Imbwa inayojulikana ifungwe mahali imara, ipewe chakula na maji, watoto wasiisogelee, na munganga wa nyama aitwe. Nyama mugonjwa wa kichaa itaonyesha dalili ao itakufa katika siku zile. Ikiwa bado hai na nzima siku ya kumi, munganga anaweza kusimamisha shindano za mutoto. Ikiuawa na kutupwa siku ya kwanza, hakuna mutu atakayejua, na mutoto atamaliza shindano zote. Ikifa yenyewe, musiishike kwa mikono mitupu, musiichune, musiile. Mwiteni munganga wa nyama aje kuichukua, maana kichwa chake ndicho kinapimwa.